Mayai Yaliyolazwa Ubavu

Kadi ya kwanza ilihusu mate. Ya pili ilihusu sabuni. Ya tatu niliiandika mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu, kwa kalamu ya duka iliyofungwa uzi isiibiwe, na nikaondoka pale nimejaa furaha kama mtu aliyetoa sadaka.

Lakini tuanze na mate.

Mkamwana wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Pacha kwa sababu ya wale mabinti wake wawili wanaofanana hadi kikohozi, alipata kazi ya kufungasha kwenye supamaketi kubwa iliyo karibu na mzunguko wa barabara. Kazi yenyewe ukiisikia utacheka. Unasimama mwisho wa kaunta. Keshia anapitisha kitu juu ya kioo, kinalia tii, kinakujia, unakitia kwenye mfuko. Kitu, tii, mfuko. Kitu, tii, mfuko. Tangu asubuhi hadi jioni, kwa miguu yako. Alipewa miezi mitatu ya majaribio, na masharti yalibandikwa ukutani pale wanapobadilishia nguo: ukipata kadi tatu za lawama kutoka kwa wateja, unarudi nyumbani. Kadi moja ya sifa inafuta moja ya lawama. Ndugu wa mfanyakazi haruhusiwi kuandika kadi.

Na huko nyumbani pa kurudi palikuwaje? Mwanangu, mume wake, ni fundi rangi. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi akipaka dari la watu, mguu ukaingia kwenye plasta hadi gotini, daktari akasema wiki kumi na sita. Alishinda kwenye kiti karibu na dirisha akihesabu magari mekundu. Watu watano tulikuwa tumesimama juu ya mikono miwili ya Mama Pacha.

Sasa mimi. Mimi nimeuza nafaka sokoni miaka thelathini na moja. Nimepima, nimefunga, nimekabidhi, na sijawahi kurudishiwa kifurushi kilichopasuka. Kwa hiyo mkamwana alipopata kazi ya kufunga vitu vya watu, nilijiteua kuwa mwalimu wake. Hakuna aliyenipigia kura. Siku ile ile nilitandika mkeka sebuleni, nikatoa kila kilichokuwamo kabatini, sukari, kiberiti, sabuni, chumvi, nusu mkate, nikasimama nimekunja mikono kama tajiri asiye na haraka.

"Haya," nikamwambia, "mimi ni mteja. Nifungashie."

Alichukua mfuko mpya aliopewa kazini akajaribu kuufungua. Mifuko mipya hushikana kama kurasa za daftari lililonyeshewa. Akausugua, akaupuliza, haukufunguka.

"Mwanangu, utakesha hapo. Tazama." Nikalamba kidole cha shahada, nikagusa ukingo, mfuko ukafunguka pah! "Umeona?"

"Mama, wateja hawataona kinyaa?"

"Kinyaa cha nini? Mate ni maji tu. Miaka thelathini na moja, hajawahi kulalamika mtu."

"Mama ulikuwa unauza mchele," mwanangu akasema kutoka kwenye kiti. "Mchele unaoshwa."

Nikamwambia ahesabu magari yake.

*

Aliyeandika kadi ya kwanza alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyopandishwa kichwani, kana kwamba nywele ndizo zisizoona. Hili nilisimuliwa baadaye, tena kidogo kidogo, maana Mama Pacha si mtu wa kumwaga maneno. Yule mwanamke alikuwa amenunua mkate, jibini, na maji ya chupa. Mkamwana wangu akalamba kidole, pah! kama alivyofundishwa.

"Hebu ngoja. Umelamba kidole?"

"Samahani, mama."

"Umelamba kidole, halafu kidole hicho hicho unanishikia mkate?"

"Mkate umo ndani ya karatasi yake, mama."

"Na mfuko umo ndani ya nini?" Akageukia foleni. "Jamani, mmeona? Tunalipa pesa zetu tutemewe mate."

Mama Pacha akautupa ule mfuko, akachukua mwingine. Na hapo ndipo pabaya. Vidole vimekauka, na mate hayaruhusiwi. Akausugua ule mfuko mbele ya watu tisa. Akausugua upande huu, akaugeuza, akausugua upande ule. Keshia akakodolea macho mashine yake kwa aibu ya mwenzake. Mwishowe yule mwanamke akaubeba mkate wake kwapani, akaenda kwenye meza ya kadi, akaandika mbele na nyuma.

Jioni Mama Pacha alivua viatu mlangoni akasema, "Mama, mate yamekataliwa."

"Watu wa siku hizi wanajifanya wamezaliwa bila ulimi," nikasema.

Lakini asubuhi, kabla hajaondoka, nilikata kipande cha sponji kwenye kona ya godoro langu, nikakitia kwenye kifuniko cha kopo, nikakilowesha maji. Sikusema samahani. Nilisema, "Weka hiki karibu yako, uwe unagusa." Samahani ni neno ambalo mimi huwa nampikia mtu chai badala ya kulitamka, na siku ile hata chai sikupika.

*

Kadi ya pili. Mimi nina sheria moja ambayo nimeirithi kwa mama yangu, naye sijui kwa nani: sabuni na mkate havilali kitanda kimoja. Ukiviweka pamoja, kesho unakunywa chai kwa mkate unaonuka nguo zilizofuliwa. Sheria hii niliirudia kwenye ule mkeka wangu mpaka wale pacha wakawa wanaiimba.

Basi akaja mzee mmoja wa makamo, ametia mkate, sabuni ya mche, na viwembe kwenye kikapu. Mama Pacha, bila kuuliza, akachukua mifuko miwili. Pale mifuko inalipiwa.

"Wa pili wa nini?" mzee akauliza.

"Nimetenga sabuni, baba. Mkate utanuka."

"Mkate ni wa nani?"

"Wako, baba."

"Sabuni ya nani?"

"Yako, baba."

"Na pua itakayonusa?"

Foleni ikacheka. Mama Pacha naye akajaribu kucheka, akidhani ni utani wa kuagana. Mzee hakuwa anatania. Alitaka bei ya mfuko wa pili itolewe kwenye risiti, keshia akalazimika kumwita msimamizi aje na ufunguo, foleni ikasimama, watu wakaanza kuguna, na kila aliyeguna alimtazama mfungashaji. Mzee akarudishiwa sarafu yake, akaitia mfuko wa shati, akaenda kuandika.

Mwanangu aliposikia hayo alicheka hadi akashika plasta. "Mama," akasema, "huyu mke wangu ana walimu wawili. Mmoja anamlipa, mwingine anamfukuzisha."

Mama Pacha hakucheka. Alikuwa anahesabu kwa vidole siku zilizobaki. Zilikuwa kumi na moja.

*

Mtu mwenye akili angekaa kimya hapo. Mimi nikavaa gauni langu la kutokea.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Kadi ya sifa inafuta ya lawama. Ndugu haruhusiwi kuandika. Lakini nani atajua mimi ni ndugu? Sifanani naye, situmii jina lake. Nitaenda kama mteja, nitapita kaunta yake ya nne, nitamsifu, nitaondoka. Sikumwambia mtu. Nilichukua pesa nilizokuwa nimefunga kwenye pindo la leso, nikatembea mwenyewe hadi huko, kwa sababu nauli ingekula mayai mawili.

Nilipofika mbele ya kaunta Mama Pacha alinitazama kama anayeona mzuka. Nikamkonyeza. Akazidi kuogopa.

"Habari ya leo, binti," nikasema kwa sauti ya kigeni, nikiitoa puani.

"Nzuri... mama. Karibu."

"Una watoto, binti?"

"Ninao, mama. Wawili."

"Hongera. Inaonekana una mama mkwe mwema."

Keshia akatuangalia. Mtu wa nyuma yangu, mwenye betri ya gari kwenye toroli, akasema, "Bibi, kuna watu huku."

Nilikuwa nimenunua mkate, sukari, sabuni, na kiboksi cha mayai sita. Mama Pacha akagusa sponji yake, mfuko ukafunguka bila mate. Akaniuliza, "Sabuni nitenge au nichanganye?" Nikafurahi, ameuliza! Akatia sukari chini, mkate pembeni. Kisha akachukua kiboksi cha mayai, akakilaza ubavu.

Nikainama kuuchungulia mfuko.

"Binti, mayai."

"Yako sawa, mama."

"Yamelala."

"Yako sawa, mama. Karibu tena."

"Bibiii," mwenye betri akaimba.

Nikaenda kwenye meza ya kadi. Sasa, niwaambie jambo moja kuhusu nyumba niliyolelewa mimi. Kwetu mtoto hasifiwi mtupu. Ukimsifu mtoto bila kumtajia kosa, unamwita shetani aje amtazame. Mama yangu aliposoma ripoti yangu ya darasa la saba, nikiwa wa pili katika watoto sitini, alisema, "Vizuri, ila wa kwanza ana mikono mingapi?" Nami nimemlea mwanangu hivyo, na mkamwana nimempokea hivyo. Sifa bila kasoro kwangu ni mboga isiyotiwa chumvi. Ndipo nikaandika, kwa herufi nzuri, kila mstari ukifuata mstari wake:

*Binti wa kaunta ya nne ana adabu. Mikono yake ni misafi na myepesi. Huuliza kabla ya kutenda. Ila mayai ameyalaza ubavu badala ya kuyasimamisha. Mwambieni polepole, ni msikivu.*

Nikaikunja, nikaitia sandukuni, nikalipiga sanduku kofi dogo la kuiaga.

*

Siku ya Ijumaa Mama Pacha alirudi mapema. Hakuvua viatu mlangoni. Alikaa mezani, akatoa kipande cha karatasi na kalamu, akanisogezea.

"Mama, niandikie orodha ya vitu vya kununua kesho."

"Si unavijua?"

"Niandikie tu."

Nikaandika: chumvi, kiberiti, vitunguu.

"Ongeza mayai."

Nikaongeza mayai. Akaichukua ile karatasi, akaitazama muda mrefu, akaiweka chini taratibu kama kitu cha moto.

"Kadi ya tatu imeingia," akasema. "Msimamizi alinionyesha. Imeandikwa na mtu ambaye herufi ya y yake ina mkia kama wa ng'ombe."

Wale pacha wakainama kuutazama mkia. Mwanangu akacheka, akakoma katikati.

"Lakini ile ni ya sifa!" nikasema. "Nimekusifu mistari mitatu!"

"Na wa nne, mama?"

"Wa nne ni chumvi."

"Msimamizi hasomi chumvi. Ana visanduku viwili. Kadi yenye kosa lolote inakwenda kwenye lawama, hata kama juu yake umeniita malaika." Sauti yake haikupanda. Ingepanda ningejua la kufanya, ningepandisha yangu. "Kesho saa nne meneja ananiita ofisini."

"Kwa nini hukumwambia ni mimi?"

"Nimwambie nimemleta mama mkwe aje kuniandikia kadi? Hilo nalo lina adhabu yake."

Mwanangu akageuza uso dirishani. Lilipita gari jekundu, hakulihesabu.

"Mama," Mama Pacha akasema, "yale mayai. Ulipofika nyumbani, yalivunjika mangapi?"

Nikatazama mikono yangu.

"Mangapi, mama?"

"Hakuna," nikasema.

Akainuka, akaenda kuvua viatu.

*

Jumamosi nilifika dukani kabla yao wote. Mlinzi alinitaka niache mkoba wangu mlangoni, nikamwambia ndani mna miwani na leso tu, akasema hata wezi wana leso. Nikauacha. Nikapandishwa ngazi hadi nje ya ofisi ya meneja, nikakalishwa juu ya katoni ya karatasi za chooni, kwa kuwa viti viwili vilivyokuwapo vilikuwa vya wageni. Kila nilipopumua katoni ilibonyea kidogo. Meneja alipofika nilikuwa nimekaribia sakafu.

Alikuwa kijana wa umri wa mjukuu, mwenye macho ya mtu anayelala akiwa amesimama. Nikamwamkia kwa heshima, mimi niliyezoea kuamkiwa. Akashtuka, akaniomba radhi, akaniamkia yeye. Nikaona hapo nimepata nusu ya kesi.

"Kijana wangu, ile kadi ya mayai niliiandika mimi. Huyo binti ni mke wa mwanangu. Yeye hakujua. Naomba uifute."

Akaitafuta kwenye faili, akaisoma, akanitazama, akaisoma tena.

"Bibi, umeniweka pabaya. Kama wewe si ndugu, hii ni lawama ya tatu, anaondoka. Kama wewe ni ndugu, ameleta ndugu kuandika kadi, anaondoka. Nimfungulie mlango upi?"

Nusu ya kesi yangu ikayeyuka. Nilikuja kuzima moto, kumbe nimebeba mafuta ya taa.

"Sasa nisikilize," nikasema, na sauti ikaniponyoka ikatetemeka. "Kadi ya kwanza, ya mate, mimi ndiye niliyemfundisha kulamba kidole. Alikataa, nikamlazimisha. Ya pili, ya sabuni, ni sheria ya nyumbani kwangu. Ya tatu umeishika. Hakuna hata kadi moja hapo ambayo ni yake. Unamfukuza mtu asiyehusika. Nifukuze mimi."

"Wewe huna kazi hapa, bibi."

"Basi nipe, halafu unifukuze."

Alifungua mdomo, na sijui angesema nini, kwa kuwa keshia alichungulia mlangoni. "Meneja, kaunta ya pili haina mfungashaji, ameugua. Foleni imefika kwenye mafriji. Mwisho wa mwezi huu!"

Meneja akajisugua macho. Kisha akanigeukia. "Bibi, unajua kufungasha?"

Kuniuliza mimi hivyo! "Miaka thelathini na moja," nikasema.

"Shuka. Nusu saa, mpaka nimpate mtu. Hebu na mimi nimwone huyo mwalimu."

*

Walinivika aproni ya kijani iliyonizunguka mara mbili. Mama Pacha, kaunta ya nne, aliponiona alidondosha kopo.

Sitaki kuwachosha. Nitasema tu kwamba sokoni mteja alikuwa anakuja mmoja, anakaa, tunaulizana habari za nyumbani, napima, nafunga. Pale vitu vilinijia kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Tii, tii, tii. Sijauweka unga, mafuta yamefika. Sijashika mafuta, nyanya zinabingirika. Kijana wa kwanza nilimsalimia, hakuitika, alikuwa na waya masikioni. Wa pili alisema, "Usiguse, nafunga mwenyewe," akafunga kwa uchungu kama nimemtukana. Wa tatu mfuko haukufunguka. Sponji ilikuwa kaunta ya nne. Kidole changu, wallahi, kilikwenda mdomoni chenyewe.

Akaja mama mwenye mifuko sita ya sukari. Nikamwuliza kwa wema tu, "Sukari yote hii, mwanangu, mna msiba au mna wazimu?" Nyanya moja ikaanguka, nikaikanyaga. Akaja msichana wa chuo, mnyamavu, kichwa chini, na katikati ya vitu vyake kipakiti laini nisichokijua. Nikakiinua juu kwenye mwanga nikisome.

"Hiki nacho ni nini, binti? Kinaliwa?"

Wanaume watatu wakakitazama. Msichana akajifunika uso kwa viganja. Mkono ukapita mbele yangu, mkono wa Mama Pacha, sijui alifikaje. Alikichukua, akakivika gazeti kwa mizunguko miwili, akakitia chini kabisa ya mfuko, akampa yule binti akisema, "Karibu tena, dada," kama vile hakuna kilichotokea duniani. Akarudi kaunta yake.

Ndipo nikamtazama. Nilikuwa sijawahi kumtazama akifanya kazi. Nilikuwa nimemkagua tu. Kila mteja alipofika, kabla hajagusa kitu, Mama Pacha alitupa jicho chini. Nilidhani ni unyenyekevu. Kumbe anaangalia viatu. Mwenye viatu visivyo na vumbi na funguo za gari mkononi, mayai aliyasimamisha juu. Mwenye vumbi hadi kwenye kifundo, aliyalaza ubavu, akayabana katikati ya mkate na sukari, akavuta mipini akaupima mfuko kwa goti lake mwenyewe. Maana anayetembea kwa miguu mfuko humpiga goti njia nzima, na kiboksi kilichosimama juu hupinduka kwenye hatua ya kumi.

Mimi nilikwenda pale kwa miguu. Aliona vumbi langu.

*

Ndani ya nusu saa nilikuwa na kadi tatu. Meneja alizisoma kwa sauti ofisini, Mama Pacha amesimama kando yangu, mikono nyuma.

"'Mfungashaji wa kaunta ya pili ameniuliza kama nina wazimu.' 'Amelamba kidole.'" Akasita, akasogeza ya tatu karibu na macho. "'Amekanyaga nyanya yangu, kisha akaiambia nyanya pole, mimi hakuniambia.'"

"Nyanya ndiyo iliyoumia," nikasema.

Meneja akageuka ukutani. Mabega yalimtikisika kidogo. Aliporudi uso wake ulikuwa wa kazi.

"Kadi tatu, bibi. Kwa sheria yetu umefukuzwa."

"Nimepokea. Na yeye?"

Akamtazama Mama Pacha, si mimi. "Hizi mbili siwezi kuzifuta, zimeshaingia daftarini, na daftari linakwenda makao makuu. Ya mayai nitaandika imebatilika, mwandishi ni ndugu na aliyoyaandika hayajui. Majaribio yako naongeza mwezi mmoja. Ndani ya mwezi huo ikija kadi, hata iwe ya nusu mstari, sitakuwa na la kukusaidia. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Asante."

"Na wewe bibi, ukija kununua usipite kaunta ya nne. Na kalamu yangu usiiguse."

Haukuwa ushindi. Mwezi mmoja zaidi wa kuangalia viatu vya watu kwa moyo uliosimama, na mwanangu bado ana wiki nne za plasta. Lakini tulikuwa tumekwenda kufukuzwa wawili, akafukuzwa mmoja, tena anayestahili.

Zamu yake ilipoisha nilinunua vitu vya ile orodha, nikapitia kaunta ya kwanza kama nilivyoagizwa. Mfungashaji wa pale alikuwa ameelemewa, Mama Pacha akamwambia, "Niachie huyu." Hakunitazama usoni. Alitazama viatu vyangu. Akatia chumvi chini, vitunguu pembeni, kisha akachukua mayai.

Akayalaza ubavu.

Nilishika ulimi kwa meno. Tulitoka, nikachukua mkoba wangu kwa mlinzi, tukavuka barabara, tukapita karakana ya magari, mfuko ukimgonga Mama Pacha goti hatua kwa hatua. Tulipofika kwenye kona ya mtaa wetu nikasimama, maana jambo lenyewe lilikuwa zito, nisingeweza kulisema nikitembea.

"Mama Pacha."

"Abee, mama."

"Unafungasha vizuri kuliko mimi."

Naye akasimama. Akauhamisha mfuko kutoka mkono huu kwenda ule, akasubiri. Nikamwona anasubiri, mgongo ameunyoosha kabisa, kama mtu aliyeona ndoo ya maji inamjia.

"Ila?" akauliza.

"Hakuna ila."

Aliutua mfuko chini taratibu, mayai yakiwa bado ubavu, akanisogelea, akanishika paji la uso kwa kiganja.

"Mama," akasema, "unaumwa?"